Kabla Hujashusha Pua ya Pikapu

Anayetaka kushusha pikapu huanza kwa kumuuliza fundi ishuke sentimita ngapi. Ni swali la haki, lakini limekuja kabla ya wakati wake. La kutangulia ni hili: gari likishashuka, gurudumu la mbele litabakiwa na sentimita ngapi za kupanda kabla halijagonga mpira wa kugongea? Nafasi hiyo ndiyo inayobeba breki zako, usukani wako na maisha ya chasisi yako kila unapopita kwenye shimo au tuta. Msimamo wangu katika makala hii ni kwamba springi na shokapu za mbele zibadilishwe pamoja, zikiwa zimetengenezwa kufanya kazi pamoja, na kiasi cha kushusha kiamuliwe na nafasi itakayobaki. Sura ya gari ije baada ya hapo. Mwenye kukubali hoja hiyo ataona kwamba maamuzi mengine mengi yanajipanga yenyewe: ununue nini, ukatae nini, na usimame wapi.

Sitamwambia mtu kwamba kushusha pikapu ni utoto. Zipo sababu nzito za kufanya hivyo. Pikapu ni gari refu kwenda juu na jembamba, na hatari ya kupinduka hupimwa kwa kugawanya nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilipoanza kuyapa magari alama za hatari ya kupinduka kuanzia matoleo ya mwaka 2001, ilijenga alama hizo juu ya uwiano huo. Tuseme pikapu ina sentimita 150 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu ya lami. Uwiano wake ni 1.07. Kitovu kikishuka sentimita 5, uwiano unafika 1.15, na mtu anayelazimika kukwepa ng'ombe barabarani ataihisi tofauti hiyo. Ukishusha mbele peke yake, faida ni kama nusu ya hapo, kwa sababu nyuma imebaki juu. Kuna pia faida ya kazi. Anayesambaza mikate, maji au vinywaji mjini, akipakia na kupakua kutwa nzima, ananufaika na kila sentimita inayopungua. Hata viwanda vinalijua hilo. Thailand, ambako ndiko Hilux nyingi za dunia huundwa, Toyota huuza Hilux ya chini na Hilux ya juu kwa wakati mmoja, na Afrika Kusini pia kuna Hilux ya magurudumu mawili iliyo chini na nyingine iliyoinuliwa. Kumbuka tu kwamba kiwanda kinapotengeneza gari la chini hakikati springi ya lile la juu. Hupanga upya springi, shokapu na vifaa vinavyozizunguka.

Ili hesabu zinazofuata zieleweke, tuangalie mbele ya pikapu kulivyo. Hilux ya kizazi kilichotoka mwaka 2004, ile inayojulikana kama Vigo, na zote zilizofuata, zina mkono wa juu na mkono wa chini kila upande, na katikati yake imesimama shokapu iliyovikwa springi ya koili. D-Max iliyotoka kuanzia miaka ya 2011 na 2012 imejengwa kwa mtindo huohuo. Hilux nyingi za kabla ya hapo, Nissan Hardbody na D-Max za mwanzo kwa kawaida hazina koili mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa, na kushusha kwake ni kulegeza bolti ya kurekebisha. Mwenye gari la aina hiyo asidhani kwamba wepesi wa kazi unaondoa hesabu. Nafasi ya gurudumu inapungua vilevile, na shokapu yake ya zamani inabaki ikifanya kazi nje ya sehemu iliyokusudiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na linalowaponza, ni kwamba shokapu haikufungwa kwenye gurudumu lenyewe. Imefungwa katikati ya mkono wa chini, ndani zaidi kuelekea chasisi. Kwa hiyo gurudumu linapopanda sentimita 5, springi inabanwa kama sentimita 3 hivi, kutegemea gari. Kinyume chake ndicho chenye hatari: springi inayokaa sentimita 5 chini ya ile ya zamani haishushi gari sentimita 5, inalishusha zaidi ya 8. Mtu akinunua springi kwa kulinganisha urefu dukani, au akifuata ushauri wa mwenye gari dogo la saluni ambalo springi yake imesimama karibu kabisa na gurudumu, atashangaa gari limelala juu ya matairi. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia gari litashuka kiasi gani kwenye gurudumu. Akikutajia urefu wa springi peke yake, bado hajajibu swali lako.

Sasa twende kwenye kiini. Tuchukue pikapu ambayo, ikiwa imesimama tupu, gurudumu la mbele lina sentimita 9 za kupanda kabla mpira wa kugongea haujaguswa. Gari linapoingia kwenye tuta kwa kasi, mwili wake unashuka kwa nguvu na springi inapaswa kuizuia nguvu hiyo ndani ya sentimita hizo 9. Uwezo wa springi kumeza pigo haupungui sawasawa na nafasi. Unapungua kwa mraba wake. Ukishusha gari sentimita 3, zimebaki 6, yaani theluthi mbili za nafasi, lakini uwezo uliobaki ni asilimia 44 tu. Ukishusha sentimita 5 zimebaki 4, na uwezo uliobaki ni kama asilimia 20. Ili kuurudisha wote kwa springi peke yake, katika hali ya kwanza ungehitaji springi ngumu zaidi ya mara mbili, na katika hali ya pili springi ngumu mara tano. Gari lenye springi ngumu mara tano halikai barabarani. Matairi yanarukaruka juu ya lami na breki hazishiki. Hapa ndipo kikomo kinapotoka, na hakitoki kwenye ladha ya mtu. Kwa pikapu ya kazi, sentimita 3 hadi 4 kwenye gurudumu ni eneo ambalo springi ngumu kidogo, shokapu inayolingana nayo na mpira wa kugongea laini unaoshika taratibu vinaweza kufidia pengo. Ukipita hapo unahitaji vifaa vya aina nyingine, kama vile kitovu cha gurudumu kilichotengenezwa kupandisha ekseli bila kugusa springi. Vifaa hivyo Marekani vimezoeleka kwa pikapu za zamani za Chevrolet na Ford, lakini kwa magari yetu ni adimu.

Pingamizi la kwanza litatoka gereji: kwa nini ununue springi mpya wakati msumeno upo? Mafundi wengi wamekata springi na magari yanatembea. Ni kweli yanatembea. Tuangalie yanatembea namna gani. Ugumu wa springi ya koili unategemea unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi ya mizunguko 8 ikikatwa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi. Mtu wa msumeno atasema hiyo ni faida, maana springi ya chini inapaswa kuwa ngumu. Lakini tumeona kwamba kwa sentimita 3 tu za kushuka pengo ni kubwa kuliko asilimia 14 mara nyingi, na kuukata mzunguko mmoja mzima kwenye pikapu mara nyingi hushusha gari zaidi ya hapo. Mtengenezaji wa springi fupi ana njia nyingine: anaongeza unene wa waya, na ugumu hupanda kwa haraka sana kwa njia hiyo. Waya wa milimita 15 mahali pa milimita 14, mengine yote yakiwa yaleyale, unaongeza ugumu kwa asilimia 32 hivi. Msumeno hauwezi kunenepesha waya. Zaidi ya hapo, ncha ya springi imetengenezwa kukaa ndani ya kikombe chake. Ikikatwa, ncha mpya inakaa upande, inakwaruza kikombe, na uzito wote unaegemea nukta moja. Wanaochoma springi kwa gesi ili ilale wanafanya baya zaidi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani, na kikishawaka wekundu joto hilo limepitwa. Springi hiyo itaendelea kushuka miezi ijayo, au itakatika, na hakuna awezaye kukuambia siku gani.

Wa pili anasema: basi nitanunua springi fupi, lakini shokapu zangu bado nzima, nitaziacha. Pingamizi hili lina akili kuliko la kwanza, kwa kuwa shokapu ndizo zenye bei kubwa. Tatizo ni kwamba shokapu ina mwanzo na mwisho wa mwendo wake. Ukiweka springi fupi, pistoni inaanza safari ikiwa tayari imezama, na kwenye pigo kubwa inaweza kugonga sakafu ya shokapu kabla mpira wa kugongea haujafanya kazi yake. Kwa upande wa pili, gurudumu likining'inia kwenye shimo, shokapu ndefu inajinyoosha kuliko springi, na springi inabaki imelegea ndani ya vikombe vyake. Inaporudi, hairudi lazima mahali pake. Jambo la tatu halionekani kwa macho: shokapu imepimwa kutuliza springi ya ugumu fulani. Springi ikiwa ngumu zaidi, shokapu ileile haina nguvu ya kuizuia isirudi juu, na pua ya gari inayumba mara mbili au tatu baada ya kila tuta. Dereva huilaumu springi mpya kwa kosa la shokapu. Ukiwa na fedha za nusu ya kazi, subiri upate za kazi nzima. Pikapu iliyo juu na nzima ni bora kuliko iliyo chini na nusu.

Pingamizi la tatu nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko yote, nalo ni la barabara zetu na mizigo yetu. Matuta ya vijijini kando ya barabara kuu hayana kimo kimoja, na njia ya kufika shambani wakati wa masika inajulikana. Jibu langu ni kwamba mwenye pikapu inayotoka lami kila wiki asiishushe. Tofauti na inavyodhaniwa, difu ya nyuma haisogei karibu na ardhi unapobadilisha springi, kwa sababu ekseli imekaa juu ya matairi. Kinachoshuka ni chasisi, sampu ya injini na bampa, na hivyo ndivyo vinavyokutana na tuta kwanza. Lakini katika suala la mzigo, mbele kuna habari njema. Shehena ya pikapu hukaa karibu na ekseli ya nyuma, na sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa huko. Uzito wa mbele ni injini, gia na waliokaa kwenye kabini, na haubadiliki sana kati ya gari tupu na gari lililojaa. Kwa hiyo springi ya mbele inaweza kupimwa kwa uhakika, jambo lisilowezekana nyuma. Ndiyo maana nashauri kazi ianzie mbele na, kwa wenye pikapu za mizigo, mara nyingi iishie hapo.

Kushusha mbele peke yake kuna gharama zake. Pikapu tupu kwa kawaida tayari imeinua makalio ili ikipakiwa ikae sawa. Ukiongeza mwinamo huo, mhimili ambao gurudumu huuzungukia unapogeuza usukani unainama kuelekea mbele, na usukani unapoteza sehemu ya tabia yake ya kurudi katikati wenyewe. Kwa sentimita 3 hali hiyo hurekebishika kwenye alaimenti. Kwa 6 huenda isirekebishike. Na anayetaka kushusha nyuma ili gari likae sawa azingatie vali ya breki. Hilux nyingi zina vali nyuma inayosoma umbali kati ya chasisi na ekseli kupitia fimbo ndogo: umbali ukipungua, vali inaamini gari limebeba mzigo na inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukishusha nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, gari tupu linafunga breki kama lililojaa, magurudumu ya nyuma yanakaba kwanza, na kwenye lami yenye maji makalio yanapita mbele. Hilo limo katika mambo ambayo fundi mzuri wa springi anaweza kuyasahau kwa sababu si kazi ya springi. Mkumbushe.

Ukienda kununua, iwe Gerezani pale Kariakoo au Grogan mjini Nairobi, nenda na namba ya chasisi, aina ya injini na orodha ya uzito ulioongezwa mbele. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na bampa ya chuma au winchi hubadilisha hesabu yote; springi iliyotengenezwa kwa petroli ikiwekwa chini ya dizeli italala kuliko ilivyoandikwa. Nunua pea, usinunue moja. Angalia alama za kulia na kushoto, kwa kuwa baadhi ya magari ya Toyota yana springi mbili zisizolingana ili gari lisiegemee upande mmoja. Springi na shokapu ziwe za mtengenezaji mmoja, au angalau mtengenezaji wa shokapu awe ametaja kwa maandishi kiasi cha kushuka ambacho shokapu yake inakikubali. Shokapu iliyotumika kutoka Japani, hata ikiwa kavu na safi, siipendekezi kwa kazi hii: hujui imetembea kiasi gani, na hesabu yote tuliyoifanya inaitegemea. Zile za nyuzi, zinazopandishwa na kushushwa kwa kuzungusha kikombe, ni nzuri kwa anayejua kupima, ila nyuzi zikipata vumbi na tope hukwama, na uwezekano wa kushusha hadi mwisho humshawishi mtu kupita kikomo. Wakati huohuo nunua vikombe vya juu na mipira yake. Kuifungua springi upya baada ya miezi sita kwa sababu ya mpira mmoja uliochoka ni kupoteza siku nzima bure.

Kazi yenyewe inawezekana kwa fundi wa kawaida mwenye vifaa, na hapa sina haja ya kueleza kila bolti. Nasisitiza mambo machache yanayoua au yanayoharibu. Kabla ya kufungua chochote, gari likiwa sakafu sawa, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, na uandike. Gari likae juu ya stendi chini ya chasisi. Jeki peke yake haitoshi. Nati ya katikati juu ya shokapu isiguswe kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio madhubuti pande mbili, kwa sababu springi ya mbele ya pikapu imeshikilia nguvu ya mamia ya kilo na ikiachiwa inatoka kama risasi. Nyaya za kujifunga kienyeji na minyororo si kibanio. Springi mpya ikiingia, ncha yake ikae kwenye ngazi ya kikombe cha chini bila kuacha pengo. Kisha kuna hatua inayorukwa karibu kila mahali: bolti za bushi za mkono wa chini zilegezwe, gari lishushwe chini likae kwa uzito wake, lisukumwe mbele na nyuma kidogo, ndipo zikazwe kwa toki renchi. Mpira wa bushi umeshikiliwa na bolti hiyo na unasokotwa mkono unapopanda na kushuka. Ukikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, unakaa umesokotwa muda wote wa maisha yake, unainua gari juu ya kipimo ulichokilipia, na unapasuka mapema. Wenye gari husema springi zimeshuka zenyewe baada ya miezi michache. Mara nyingi bushi ndizo zilizokubali kupasuka.

Siku hiyohiyo gari liende alaimenti. Gurudumu likisogea juu kuelekea madigadi, mkono wa juu ulio mfupi unalivuta kichwa kuelekea ndani, na tairodi nayo inabadilisha pembe, kwa hiyo matairi hayaelekei tena mbele sawasawa. Hilux ina bolti za mviringo kwenye mkono wa chini zinazoruhusu marekebisho, na kwa sentimita 3 hadi 4 kwa kawaida zinatosha. Zikifika mwisho kabla kipimo hakijapatikana, gari limeshushwa kupita uwezo wake, na mashine imekuambia ukweli kuliko macho. Taa zielekezwe upya, kwa sababu pua iliyoinama inamulika karibu mno na kukupunguzia umbali wa kuona usiku. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili huku upande mmoja ukiwa umebanwa, uone kama tairi linagusa plastiki ya madigadi. Wajulishe bima kwa maandishi. Mkataba wa bima unakudai useme kila badiliko la maana kwenye gari, na barua ya ukurasa mmoja leo ni nafuu kuliko mabishano baada ya ajali.

Baada ya kilomita 500 hivi, pima tena pale pale ulipopima mwanzo. Springi mpya hukaa kidogo, na milimita chache za kushuka zaidi ni za kawaida kama pande zote mbili zimeshuka sawa. Upande mmoja ukiwa chini ya mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, usikimbilie kuirudisha springi dukani. Mwambie fundi aangalie kwanza kama ncha imekaa kwenye ngazi ya kikombe, kisha kama bushi zilikazwa gari likiwa chini, kisha kama ya kulia na ya kushoto hazikubadilishana. Ukisikia kishindo kikavu mbele kwenye matuta uliyokuwa ukiyapita kimya, weka udongo laini kidogo juu ya mpira wa kugongea, endesha njia yako ya kila siku, kisha uutazame. Udongo uliobonyezwa mara moja moja ni kazi ya kawaida ya mpira huo. Ukikuta umefutika kabisa kila jioni, pandisha gari sentimita moja.